Bangili Bubu

Kicheko ndicho kilichomtia Sekela wasiwasi asubuhi ile. Wodi namba nne ya Hospitali ya Lwangambo haikuwa mahali pa kucheka. Humo walilazwa wanaume waliotoka kupasuliwa tumbo, na mtu mwenye mshono wa tumbo akicheka hujuta papo hapo. Lakini alipofungua mlango, kishikwambi chake kwapani, alikuta wazee kwa vijana wameshikilia mishono yao kwa viganja, wanacheka na kugumia kwa pamoja, na mwenye kuleta vurugu yote ameketi kwenye kitanda cha tisa, mkono juu, kama mtu aliyetangazwa mshindi wa ubunge.

Huyo alikuwa mzee Kihwele, Mhehe, mkulima wa njegere, aliyeletwa siku sita nyuma na kidonda cha tumbo kilichotoboka. Jirani yake wa kitanda cha nane alikuwa mzee Gama, Mngoni, seremala, aliyepasuliwa ngiri. Mhehe na Mngoni ni watani tangu mababu zao wachoke kupigana, na ukiwalaza watani vitanda vinavyopakana huna haja ya redio. Siku Kihwele alipozinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi, hakuomba maji wala hakumuulizia mkewe. Aliuliza ni nani aliyemlaza karibu na mla panya. Gama akamjibu kwamba uongozi umempa kazi ya kuwalinda mbwa wa hospitali, wasije wakaliwa.

Na asubuhi hii Kihwele alikuwa ametangaza kwamba vita vimekwisha, Wangoni wameshindwa kwa mara nyingine, na mateka wa kitanda cha nane atoe kitu. Gama akasema hana kitu ila maumivu. Basi Kihwele akanyoosha mkono, akamvua mwenzake bangili, akaivaa yeye, na ya kwake akamtupia Gama aivae iwe pingu.

Sekela alianza kucheka na wengine. Kisha macho yake yakaangukia namba. Mkononi mwa Kihwele, 397. Mkononi mwa Gama, 398. Akaacha kucheka, akijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua katika jengo lile.

*

Bangili yenyewe ukiiona hungeidhania kitu. Ni utepe wa kijivu, laini, wenye kijitaa cha kijani upande wa juu. Hufunguka kwa vidole viwili ili mgonjwa aweze kuoga. Walioibuni waliwafikiria wagonjwa wa kila aina, ila hawakumfikiria mtani. Kazi yake ni kuisikiliza damu. Inapima joto, inahesabu mapigo, inaonja jasho na kutambua humo vitu vidogo ambavyo ulimi wa binadamu hauvijui. Maambukizi yanapoanza kuingia kwenye damu ya mtu aliyepasuliwa, bangili hujua saa sita kabla muuguzi hajaona dalili yoyote. Ikishajua, hulia kwenye meza ya wauguzi na kutaja namba ya kitanda.

Lakini mashine kujua ni jambo moja, na mgonjwa kupona ni jingine. Ndiyo maana ukafanywa utafiti. Wagonjwa mia nne, kompyuta ikapiga kura: mia mbili wapewe bangili inayosema, mia mbili wapewe bubu. Bubu nayo huwaka kijani. Nayo husikiliza damu, hujua, na huandika kila inachojua ndani ya kompyuta iliyofungwa, ila haimwambii mtu. Mwisho wa utafiti kompyuta ingefunguliwa na makundi mawili yalinganishwe. Wagonjwa walielezwa hayo yote, wakaweka sahihi au dole gumba. Wauguzi nao walielezwa siku ya kwanza kwamba wawahudumie wote kana kwamba hakuna bangili, wakaitikia kwa vichwa, na wakasahau kabla wiki haijaisha, kama binadamu yeyote anavyosahau.

Orodha ya nani amepewa ipi ilikuwa kwa mtu mmoja tu, maana lazima awepo wa kuifungua siku bangili itakapomuunguza mtu ngozi. Mtu huyo alikuwa Sekela Mwakatobe, muuguzi mtafiti, ambaye tangu utoto kwao alisifiwa kwa kifua cha kutunza siri. Aliapa kwa maandishi. Alikatazwa mambo mawili: kumwambia mtu yeyote asiye kiongozi wa utafiti, na kujumlisha vifo kabla ya siku yake. Kwa miezi kumi na moja alipita kati ya vitanda akiwaamkia wazee, na kila alipotoa shikamoo moyo wake ulisema kimoyomoyo: huyu inasema, huyu bubu, huyu bubu.

Ya Gama, 397, ilikuwa inasema. Ya Kihwele ilikuwa bubu. Kura ndiyo iliyoamua, si yeye, na kwa miezi kumi na moja hilo ndilo lililompa usingizi. Sasa utani ulikuwa umeipindua kura. Ile 397 ikilia, meza ingetaja kitanda cha nane, na wauguzi wangekimbilia kumtundikia Gama dripu huku anayekufa ni jirani yake. Na Gama mwenyewe, damu yake ikichafuka, asingeliliwa na chochote.

*

Dk. Betina Mligo, kiongozi wa utafiti, alimsikiliza akiwa amesimama dirishani, akitazama kidege kisicho na rubani, cha kuleta dawa, kikitua juu ya paa la maabara na kuondoka tena kuingia kwenye ukungu wa misonobari. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, na wagonjwa walimpenda kwa haki kabisa. Hakukasirika. Aliuliza tu kama kuna mwingine aliyeona, na Sekela akasema wodi nzima imeona lakini hakuna aliyeelewa.

Sekela akatoa ombi alilokuwa amelipanga akipanda ngazi. Wazee wale wapewe zinazosema, wote wawili. Ni wawili tu kati ya mia nne. Au basi waachwe kama walivyojipanga wenyewe, abadilishe tu namba za vitanda kwenye kompyuta.

"Rudisha kila moja kwa mwenyewe," alisema Dk. Mligo. "Kama kura ilivyosema."

"Dokta, kura ilipigwa na kompyuta. Hii nitaifunga kwa mkono wangu. Nimvue mzee wa watu inayosema, nimvishe bubu, huku ananitazama."

Daktari akavuta kiti, akakaa, akamsimulia jambo ambalo Sekela alikuwa amelisikia kwa vipande. Kulikuwa na utafiti wa kwanza, miaka saba nyuma, katika hospitali nyingine. Mtunza orodha wa huko alikuwa mtu wa huruma. Alimbadilishia bangili shemeji yake, kisha jirani yake, kisha padri wa parokia. Mwishowe namba zikachafuka, hakuna aliyeziamini, na bangili zikafungiwa stoo miaka minne. Katika miaka hiyo watu waliendelea kufa nchi nzima kwa maambukizi ya damu, wakazikwa, na hakuna aliyedai haki yao kwa sababu hakuna aliyejua kwamba wangeweza kupona.

"Wale ndio aliowaua kwa huruma yake," alisema Dk. Mligo. "Zimebaki siku kumi na moja, Sekela. Kumi na moja, halafu kila kitanda katika nchi hii kipate inayosema. Usininyime hilo kwa ajili ya wazee wawili wenye mizaha."

Sekela akachukua kishikwambi chake, akaaga. Shida ni kwamba alimwamini, na aliposhuka ngazi bado alikuwa anamwamini.

*

Kihwele aligoma. Alisema kitu alichotwaa mtani hakidaiwi, hukombolewa, na kwamba Sista, kwa kuwa ni Mnyakyusa, asiingilie vita visivyomhusu. Gama naye, badala ya kusaidia, akasema Mhehe aachwe na bangili, huenda ikamfundisha kula chakula cha watu. Ilichukua nusu saa. Mwishowe Gama akakubali kujikomboa kwa jozi ya soksi za sufu alizofumiwa na binti yake. Kihwele akazikagua mbele na nyuma kama mnunuzi wa mnadani, akazivaa, akatangaza kwamba mateka yuko huru, na akanyoosha mkono.

Sekela akazivua bangili zote mbili. Ile 397 akamfunga Gama. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda cha tisa, akaizungusha 398 kwenye kifundo cha mkono wa mzee, mkono mkavu wa mtu aliyeshika jembe miaka sitini, na kijitaa kikaendelea kuwaka kijani. Hakuuachia mkono ule mara moja. Mzee alidhani ni baridi ya Lwangambo, akamwambia atafute koti zito.

"Ahsante, binti yangu," alisema Kihwele, akiipapasa bangili. "Sasa nitalala vizuri. Hii ya kwangu inanijua."

Na kweli ilimjua. Sekela akasema "Haya, babu," akatoka haraka.

*

Mchana huohuo alivunja katazo la pili. Alijiambia kwamba anataka tu kujituliza. Kama bangili inaokoa watu, basi alichokifanya asubuhi kina maana, na angeweza kukibeba kwa siku kumi na moja.

Akahesabu. Waliovaa zinazosema walikuwa mia mbili, na waliokufa wanane. Waliovaa bubu walikuwa mia mbili, na waliokufa ishirini na wanne. Mara tatu. Dk. Mligo alikuwa sahihi.

Alikuwa karibu kukifunga kishikwambi, lakini kuna jambo lilimkereketa. Ishirini na wanne walikuwa wengi mno. Wenye bubu walitakiwa kuwa wanapata huduma ya zamani, ileile, bila kuongeza wala kupunguza, na yeye zamani alifanya kazi wodi hiyohiyo. Hakukumbuka kufunika watu shuka kwa wingi kiasi hicho.

Akaenda kwa Sista Skolastika Mgaya, mkuu wa wodi, akaomba daftari la kale. Sista Skolastika aliandika kila kifo kwa mkono wake, kwa wino mweusi, hata baada ya kompyuta kuja, kwa sababu alisema kompyuta haina aibu. Sekela akachukua wagonjwa mia nne wa mwisho kabla ya bangili kuletwa. Akahesabu kwa kidole, mstari kwa mstari. Akarudia kuhesabu, kwa kuwa hakutaka kuamini.

Thelathini na wawili.

Wanane na ishirini na wanne ni thelathini na wawili. Bila bangili, thelathini na wawili. Kwa bangili, thelathini na wawili. Hakuna aliyeokolewa. Vifo vilikuwa vimehama tu kutoka kundi moja kwenda kundi jingine, na yeye ndiye aliyekuwa na orodha ya mahali vilipohamia.

Akarudi wodini, akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akawatazama wauguzi badala ya wagonjwa. Zamani Sista Skolastika alikuwa na sheria moja ambayo wauguzi wageni waliinung'unikia. Kila anayeingia zamu alianzia kitanda cha kwanza hadi cha arobaini, akimgusa kila mgonjwa paji la uso kwa mgongo wa mkono, kisha nyayo. Enzi hizo walikuwa wauguzi saba kwa zamu. Sasa walikuwa watatu, maana wakubwa waliona mashine imepunguza kazi, na hao watatu hawakumgusa mtu. Walipita katikati kwa haraka, wakitupa jicho kulia na kushoto kwenye vifundo vya mikono. Kijani, kijani, kijani. Meza ilipolia walikimbilia huko wote, na daktari wao, na upande mwingine wa wodi ukabaki yatima kwa saa nzima.

Hapo akaelewa, na alitamani asingeelewa. Kuvaa bubu hakukuwa sawa na kutovaa kitu. Mtu asiye na bangili huguswa.

*

Asubuhi iliyofuata aliziweka namba zile mezani kwa Dk. Mligo, kwenye karatasi moja. Alitarajia kukemewa kwa kujumlisha, na alikemewa kidogo. Kisha macho ya daktari yakashuka kwenye karatasi, na uso wake ukachanua.

"Wanane kwa ishirini na wanne," alisema polepole. "Mungu wangu. Mara tatu."

Sekela akamwomba aitazame namba ya tatu. Akamweleza habari ya daftari, na wauguzi saba waliobaki watatu, na paji la uso, na nyayo. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, kwa sababu alikuwa mtu wa kusikiliza. Akasema wagonjwa wa mwaka ule walikuwa wengine, na msimu ulikuwa mwingine, na daftari la mkono haliwezi kuwekwa mbele ya watu wazima kuwa ushahidi. Akasema pia kwamba hata ingekuwa kweli, baada ya siku kumi hakutakuwa na bubu tena, zote zitasema.

"Zote zitasema, Dokta, na wauguzi ni walewale watatu," alisema Sekela. "Hao wanaopona leo wanapona kwa mikono tuliyowanyang'anya wenzao. Vitanda vyote vikilia, mikono itatoka wapi?"

"Hilo ni swali zuri la utafiti mwingine," alijibu Dk. Mligo, na hakuwa anatania. Akamwomba karatasi ile ibaki kwake, akaitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo.

*

Ilikuwa yapata saa nne Sekela alipoingia wodini. Palikuwa kimya. Mzee Gama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake, miguu mitupu kwenye sakafu ya baridi, akimtazama jirani yake.

"Sista," alisema, "mtani wangu leo hajanitukana."

Sekela akamuuliza tangu lini.

"Tangu kulipopambazuka. Nimemwita mla mbwa mara tatu, mara ya tatu nikamtajia na jina la mbwa mwenyewe. Ananijibu, 'Haya, Mngoni.' Mhehe gani huyo wa kuniambia haya? Nimemweleza nesi, akaangalia bangili, akasema mzee yuko salama, amechoka tu."

Kihwele alikuwa amejifunika hadi kidevuni. Sekela akamwekea mgongo wa mkono kwenye paji la uso, akakuta moto. Akaingiza mkono chini ya blanketi, akavuta soksi moja ya sufu, akaushika unyayo, na unyayo ulikuwa wa baridi kabisa. Mzee akafumbua macho. Akasema anasikia baridi kidogo, itapita, Sista asiwasumbue watu kwa ajili yake. Juu ya blanketi kijitaa cha 398 kiliwaka kijani kizuri, kama cha kila mtu.

Wauguzi wote watatu na daktari wa zamu, kijana aitwaye Dk. Nyalusi, walikuwa kitanda cha thelathini na moja, ambacho meza ilikuwa imekilia nusu saa nyuma. Mgonjwa wa kitanda hicho alikuwa ameketi wima na kikombe cha uji mkononi, akiona aibu kuzungukwa na umati. Sekela akamwambia Dk. Nyalusi kwamba mzee wa kitanda cha tisa hali yake ni mbaya. Daktari akageuka kutazama meza. Akasema, bila ubaya wowote, kwamba kitanda cha tisa ni kijani, na kanuni ni kanuni, anayeliliwa ndiye wa kwanza. Angefika huko baada ya saa moja hivi.

Sekela akageuka kukitazama kitanda cha tisa. Zilikuwa zimesalia siku kumi. Kila kitanda katika nchi. Aliwafikiria wale waliokufa wakati bangili zimefungiwa stoo, na hakuweza kusema kwamba hawakuwa watu. Kisha likamjia wazo lililomwogopesha kuliko yote: angeweza kunyamaza, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Ishirini na wanne wangekuwa ishirini na watano, na matokeo ya utafiti yangependeza zaidi. Alijua pia kwamba maji haya yakimwagika hayatazoleka.

"Bangili ya kitanda cha tisa ni bubu," alisema. "Ilikuwa bubu tangu mwanzo. Inajua kwamba anakufa, na haitasema."

Hakupaza sauti, lakini alisikika hadi kitanda cha mwisho. Dk. Nyalusi akaacha alichokuwa ameshika. Wakakimbia wote. Kihwele akatolewa na kitanda chake, magurudumu yakipiga kelele kwenye sakafu, kupelekwa chumba cha upasuaji, na Gama akawafuata akiwa ameushikilia mshono wake kwa mkono mmoja na kuinua dripu ya mtani wake kwa mkono mwingine, mpaka mlango ulipofungwa mbele ya uso wake.

Wodini mikono ilikuwa imeanza kuinuka. Mmoja, kisha wa pili, kisha pande zote, kila mwanaume amekiinua kifundo cha mkono mbele ya macho yake anakitazama kijitaa kilichomfariji siku zote alizolala pale. Mwalimu mstaafu wa kitanda cha kumi na sita ndiye aliyeuliza kwa niaba ya wote. Aliuliza kwa adabu sana.

"Na yangu, mwanangu?"

Sekela akafungua kishikwambi, akawasomea walio hai. Kumi na tisa walikuwa bubu. Wengine walizivua na kuziweka kwenye meza ndogo za kando. Wengine, waliokuwa na zinazosema, walizishika kwa mkono wa pili kana kwamba mtu angekuja kuwapokonya, na hawakuwatazama majirani zao.

*

Dk. Mligo alifika wakati mwalimu yule anaivua ya kwake. Alitazama meza zile ndogo, bangili moja baada ya nyingine, zote bado zinawaka. Machozi yalimlengalenga, na Sekela aliona kwamba yalikuwa machozi ya kweli, wala hakuwa na haki ya kuyadharau.

"Umewaua wa mwakani," alisema Dk. Mligo, na akanyoosha mkono apewe kishikwambi. "Nao hutawaona hata mmoja."

Huenda ilikuwa kweli. Sekela aliujua uzito wa sentensi ile, na alijua ataibeba mpaka uzeeni. Lakini kishikwambi hakukitoa.

Saa nane mchana Dk. Nyalusi akarudi, kofia ya upasuaji mkononi. Alisema tumbo lilikuwa limechafuka na damu imeshaharibika. Akasema kama angeitwa alfajiri, kisha hakumalizia. Gama alisikia yote. Akajilaza akageukia ukuta, akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa, kwamba kule msibani sheria inamtaka mtani awachekeshe wafiwa, na yeye hajui atakitoa wapi kicheko. Sekela akaenda akasimama karibu naye. Alitaka kumwambia kwamba ni yeye aliyeifunga ile bangili, lakini kabla hajasema Gama akamwambia, bado amegeukia ukuta, kwamba alimwona akiifunga.

Ndipo Sista Skolastika akaingia na daftari lake. Kwa miaka thelathini hakuna aliyewahi kumwona ameketi akiwa zamu. Sasa alivuta kiti cha meza ya wauguzi, akaketi, akafungua kurasa za miezi kumi na moja iliyopita, na akachukua kalamu.

"Umesoma walio hai," alisema. "Soma na waliokufa."

Dk. Mligo akasema kwa upole kwamba hilo halitamsaidia mtu tena.

"Mimi ndiye niliyewaosha, Dokta," alisema Sista Skolastika. "Sekela, soma wote."

Sekela akasoma kwa kufuata tarehe. Zakaria Mdemu, bubu. Onesmo Lutego, bubu. Faraja Kyando, inasema. Sista Skolastika alilitafuta kila jina kwenye daftari, akaweka alama ndogo pembeni, akangoja linalofuata. Mkono wake ulikuwa mtulivu. Wauguzi watatu walikuwa wamesimama nyuma yake, na mmoja wao alikuwa amejifunika mdomo. La nne, bubu. La tano, bubu. La sita, bubu.

La saba lilikuwa Eliakimu Msigwa, bubu. Kalamu haikushuka.

"Huyu mkewe alitaka kulala hapa, chini, kando ya kitanda," alisema Sista Skolastika. "Aliniambia mume wake hayuko sawa, kwamba anamjua. Nikamshika mkono, nikamwonyesha ile taa. Nikamwambia, mama, nenda nyumbani ukapumzike."

Sekela alingoja mpaka kalamu ikaigusa tena karatasi, kisha akasoma jina la nane.